Wageni wa Rufiji na Pori la Behobeho

Hapo Ndundu, mahali ambapo barabara ya Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi inakutana na mto Rufiji, kwa miaka mingi hapakuwa na daraja. Msafiri alivushwa kwa pantoni. Na katika miezi ya masika, mto ulipofura na njia kugeuka tope, ilimpasa kungoja mpaka maji yapungue. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa kiasi cha mita 970, lilifunguliwa mwaka wa 2003, na tangu hapo mtu aweza kuuvuka mto huo kwa dakika moja asijue kwamba amevuka mto ulio mkubwa kuliko yote ya Tanzania.

Si wote waendao Rufiji wanaofika Ndundu. Mgeni aliyekuja kutazama wanyama huiacha barabara kuu huko Kibiti, akashika njia ya Mloka iendayo magharibi mpaka lango la hifadhi. Huyo naye, kama mchuuzi wa Lindi aliye juu ya daraja, husema kwamba yuko safarini. Lakini neno lao ni moja kwa sauti tu. Safari ya mchuuzi ni mwendo wa kutoka mahali hata mahali, kama lilivyo asili yake katika Kiarabu na kama lilivyo hata leo katika Kiswahili. Safari ya mgeni ni ile iliyoingia katika Kiingereza katika karne ya 19, ikachukuliwa na wawindaji, kisha ikapokewa na watalii, nayo maana yake ni kwenda porini penye wanyama. Ndiyo kusema kwamba neno limetoka kwetu likiwa na watu ndani yake, likarudi likiwa na wanyama peke yao.

Historia ya nchi ya Rufiji imefuata mkondo uo huo. Mgeni wa leo huambiwa kwamba pori alionalo ni la tangu na tangu, halijaguswa na mkono wa binadamu. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo si kweli. Bonde la Rufiji lina habari ya biashara ya miaka ipatayo elfu mbili, lilikuwa na mashamba na vijiji, na sehemu zake kadha wa kadha zilifanywa kuwa pori kwa matukio yanayojulikana tarehe zake. Waswahili husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni haki basi kuuliza, katika wageni wote waliopita Rufiji, ni nani aliyemponya mwenyeji.

Wageni wa kwanza

Habari ya kale zaidi ya pwani hii imo katika kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo na mfanyabiashara ambaye jina lake halikutajwa. Asema kwamba mwendo wa siku mbili kutoka kisiwa cha Menouthias ulikuwapo mji wa mwisho wa biashara katika Azania, ukiitwa Rhapta, na kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vilivyoshonwa. Hapo palipatikana pembe za ndovu kwa wingi na magamba ya kasa. Na wageni walileta mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo. Ptolemaio, aliyeandika katika karne ya pili, aliuweka mji huo karibu na mto wenye jina lilo hilo, mbali kidogo na bahari.

Wataalamu hawajapatana juu ya mahali palipokuwa Rhapta. Wengine wametaja Pangani, wengine upande wa Dar es Salaam, na wengine delta ya Rufiji. Hoja ya Rufiji iliongezewa nguvu na Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye katika mwaka wa 1999 alitangaza kupatikana kwa shanga za Kirumi huko Mkukutu, upande wa Kibiti. Shanga si mji, na mabishano hayajakwisha. Lakini zinatosha kuonyesha kwamba watu wa bonde hili walikuwa na uhusiano na bahari kuu wakati ule. Kwa habari ya vyombo vilivyoshonwa, msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali, maana mtepe, chombo kilichoungwa kwa kamba za kumbi pasipo misumari, ulikuwa ukionekana katika pwani yetu hata mwanzo wa karne ya 20.

Liko jambo moja katika kitabu hicho ambalo watu wa lugha wapaswa kuliangalia zaidi. Mwandishi aeleza kwamba wafanyabiashara wa Muza, katika Arabuni ya kusini, walipeleka huko manahodha na mawakala waliozoeana na wenyeji, waliooa kwao, na walioijua nchi pamoja na lugha yake. Hakusema lugha hiyo ilikuwa ipi, wala haifai kuikisia. Yatosha kujua kwamba katika maandishi ya kwanza kabisa juu ya pwani hii, mgeni aliyefanikiwa ni yule aliyejifunza kusema na mwenyeji. Wageni waliofuata baadaye si wote waliojitaabisha hivyo.

Mlao, dungu na boriti

Mtu akitaka kujua maisha ya watu wa Rufiji, na ayatazame maneno yao ya kazi. Mto hufurika kwa kawaida katika masika, na mafuriko hayo, ambayo mgeni huyaona kuwa balaa, ndiyo yaliyokuwa mbolea ya nchi. Mpunga ulipandwa mvua zilipoanza, ukakua pamoja na maji. Maji yalipopungua yakaacha tope jipya, mkulima alipanda mara ya pili katika unyevu uliobaki: mahindi, kunde, mboga, na baadaye pamba. Kilimo hicho cha pili kiliitwa mlao. Nchi yenye mavuno mawili namna hiyo haikuwa ya njaa kwa kawaida yake, na katika karne ya 19 mchele wa Rufiji ulipakiwa majahazini kwenda kuuzwa Unguja.

Neno la pili ni dungu. Kwa kawaida hufasiriwa kuwa ulingo wa kuamia ndege, na katika nchi nyingi za Waswahili ndivyo ilivyo. Rufiji dungu lilikuwa zaidi ya hapo. Lilikuwa nyumba ya msimu, iliyosimama juu ya miguu mirefu ya miti katikati ya shamba, ambamo mtu na jamaa zake walilala, wakapika na kungoja mavuno huku maji yakipita chini yao. Kutoka huko juu walifukuza ndege mchana, na usiku walilinda nguruwe na viboko. Dungu ni ushahidi kwamba mwenyeji na mnyama walikuwa majirani tangu zamani, lakini majirani waliogawana mipaka kwa kukesha.

Neno la tatu, boriti, limesafiri mbali kuliko yote. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko ulio mkubwa sana katika Afrika ya Mashariki, na wenyeji wameutengea kila mti jina na kazi yake: mkoko wenyewe, msinzi, mkandaa, mchu, mkomafi, mlilana, msikundazi. Miti iliyokatwa ilipangwa kwa unene, kuanzia fito na pau, ikapanda mpaka mazio, boriti na nguzo. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalirudi na kusi yakiwa yamesheheni miti hiyo, wakaipeleka Oman, Bahrain na Kuwait, ambako huitwa chandal. Mtu akiingia katika nyumba za kale za Lamu, Unguja au Muskat ataona vyumba virefu vilivyo vyembamba. Upana wao umefuata urefu wa boriti. Kwa hiyo nyumba za watu wasiopata kuiona Rufiji zimejengwa kwa kipimo cha miti yake.

Biashara hiyo ndiyo iliyowaonyesha wenyeji kwanza maana ya serikali ya kigeni. Katika mwaka wa 1898 Wajerumani waliifanya mikoko ya delta kuwa msitu wa serikali, wakaweka kituo cha misitu huko Salale. Tangu siku hizo mti ambao mtu aliukata kwa jengo lake ulikuwa na mwenyewe mwingine, na huyo mwingine alitaka kulipwa.

Maji ya Ngarambe

Baada ya miti ikaja pamba. Kuanzia mwaka wa 1902 serikali ya Kijerumani ililazimisha watu wa sehemu za kusini kulima mashamba ya pamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe, wakati ule ule ambao mashamba yao wenyewe yalihitaji kazi. Katika mwaka wa 1904, huko Ngarambe, alitokea Kinjikitile Ngwale, ambaye watu waliamini kwamba amepagawa na pepo wa mtoni aitwaye Hongo. Akawapa watu dawa ya maji, akawaambia kwamba Waafrika ni wamoja na kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru.

Hapo Rufiji ilipata wageni wa namna nyingine. Watu walikwenda Ngarambe makundi kwa makundi kutoka Umatumbi, Kichi, na ng'ambo ya mto, si kununua wala kuuza, bali kunywa maji na kusikia habari. Habari yenyewe ilienezwa kwa siri, na katika simulizi zilizokusanywa na G. C. K. Gwassa na kuchapishwa pamoja na John Iliffe katika mwaka wa 1968, neno la Kimatumbi la mnong'ono huo ni njwiywila. Lakini neno lililovuka makabila yote likawa jina la vita halikuwa la Kimatumbi. Lilikuwa maji, neno la Kiswahili, ambalo Mngindo, Mpogoro na Mngoni waliweza kulipokea bila mkalimani.

Vita vilianza Nandete katika Umatumbi mwezi wa Julai 1905, watu walipong'oa miche ya pamba. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wakati moto aliouwasha ulikuwa bado unaenea. Ulipozimika katika mwaka wa 1907, kilichobaki ni njaa, maana majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji na ghala za chakula makusudi. Gwassa alikadiria kwamba waliokufa, wengi wao kwa njaa na maradhi, walikuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Washairi walivihifadhi vita hivyo mapema. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi ulichapishwa na Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki katika mwaka wa 1957, ukihaririwa na W. H. Whiteley, na tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ilitoka mwaka wa 1969. Kilichosemwa kidogo ni yale yaliyoipata ardhi. Shamba lililoachwa miaka mitatu hugeuka kichaka. Kichaka huleta mbung'o. Na penye mbung'o ng'ombe hakai wala mtu hataki kurudi. Wanyama waliingia mahali walipotoka watu. Mwanzo wa pori la kusini, kwa sehemu yake kubwa, ni huo.

Behobeho

Hakuna mahali panapoonyesha mageuzi hayo waziwazi kama Behobeho, kaskazini ya mto. Katika mwezi wa Juni 1879 msafara wa Chama cha Jiografia cha Uingereza ulisimama hapo. Kiongozi wake, Mskoti Keith Johnston, alikuwa mgonjwa wa kuhara damu, akafa tarehe 28 akazikwa hapo hapo. Msaidizi wake Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, alishika uongozi, akisaidiwa na Chuma, yule aliyekuwa pamoja na Livingstone na aliyekuwa mkuu wa wapagazi. Behobeho ya siku hizo ilikuwa kijiji, tena katika njia ya misafara. Mgonjwa alifika mahali palipokuwa na watu.

Miaka 38 baadaye ndipo jina la Behobeho lilipoingia tena katika vitabu. Tarehe 4 Januari 1917, majeshi ya Waingereza yalipokuwa yakiwasukuma Wajerumani kuelekea mtoni, Frederick Courteney Selous, mwindaji mashuhuri aliyekuwa na miaka 65, alipigwa risasi akafa. Kaburi lake liko huko hata leo. Yeye hakuwa mtu wa Rufiji. Sifa yake aliipata katika Afrika ya kusini, na Rufiji alifika kama askari. Hata hivyo, hifadhi ya wanyama iliyotangazwa na Waingereza katika mwaka wa 1922 ilipewa jina lake.

Vita hivyo viliacha jina jingine la kigeni katika delta. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kati ya mikoko. Waingereza walizuia midomo ya mto, na tarehe 11 Julai 1915 vyombo viwili viwezavyo kupita maji haba, Severn na Mersey, viliiharibu kwa kuongozwa na ndege. Mizinga yake kumi iliondolewa, ikapelekwa Dar es Salaam ikatengenezwa kwa vita vya nchi kavu. Mmoja wao huonyeshwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, na mwingine uko Pretoria.

Mzinga una mahali pake pa kukumbukwa, mpagazi hukumbukwa kidogo. Kila jeshi lililopita Rufiji lilibebewa risasi na chakula na maelfu ya watu, na wengi walikufa kwa njaa na kuhara katika mvua za mwaka wa 1917. Kumbukumbu yao iliyo kubwa imo katika neno moja la Kiswahili: Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam uliopata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Maelfu hupita hapo kila siku kununua na kuuza, na wachache hukumbuka kwamba wanalitaja jeshi la wachukuzi.

Pori la akiba

Sheria ya kuhifadhi wanyama haikuanza na Selous. Katika mwaka wa 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kulinda wanyama, na moja ya hifadhi za kwanza za koloni ilikuwa katika bonde la Rufiji. Waingereza waliipanua. Katika miaka ya 1940, kwa sababu ya malale, watu wa sehemu za Liwale walihamishwa wakakusanywa mahali pamoja, na nchi waliyoiacha ikaongezwa katika hifadhi. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Lakini vile vile ni kweli kwamba mbung'o walikuwa wameenea kwa sababu ya vita na njaa zilizotangulia, na kwamba maofisa wa wanyama waliufurahia uwanja mtupu waliopewa.

Hifadhi ya namna hiyo katika Kiswahili cha serikali huitwa pori la akiba. Maneno haya mawili yastahili kupimwa. Pori ni mahali pasipokaa watu, na akiba ni kitu kilichowekwa kwa siku ya haja. Waswahili husema akiba haiozi. Lakini akiba huwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye aifunguaye. Kwa muda mrefu pori hilo lilifunguliwa hasa kwa mgeni mwenye leseni ya kuwinda. Mwenyeji aliyepiga nyama ya kitoweo aliitwa jangili.

Haifai kwa sababu hiyo kuidharau kazi ya kuhifadhi. Selous iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 1982. Ndovu wake, ambao katika miaka ya 1970 walipita 100,000, walikuwa wamebaki kiasi cha 13,000 mwaka wa 2013, kwa kuuawa na watu waliotafuta pembe, bidhaa ile ile ya Rhapta. Mwaka wa 2014 hifadhi iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kama pasingekuwa na ulinzi, pembe zingekwisha.

Lakini gharama ya ulinzi huo imelipwa na nani? Kati ya mwaka wa 2002 na 2004 simba mmoja katika wilaya ya Rufiji aliua watu wapatao 35 kabla hajapigwa. Uchunguzi uliotolewa na Craig Packer na wenzake mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba tangu mwaka wa 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, na kwamba mashambulizi mengi yaliambatana na nguruwe wa mwitu, ambao huingia mashambani wakati wa mavuno na kumfanya mkulima alale shambani. Dungu, nyumba iliyomlinda mtu na njaa, likawa mahali pa kufia.

Majina na wenyeji

Katika miaka ya karibuni majina ya kigeni yameanza kuondoka. Mwaka wa 2019 sehemu ya Selous ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye kilomita za mraba karibu 31,000. Bonde jembamba lililoitwa kwa jina la mhandisi Stiegler lina sasa bwawa la Julius Nyerere, lililokusudiwa kutoa megawati 2,115 na lililoanza kutoa umeme mwaka wa 2024. Ni jambo la haki kwamba mwindaji wa Kiingereza amewapisha viongozi wa nchi. Hata hivyo, majina ya Nyerere na Mkapa ni majina ya taifa zima. Yaliyobaki kuwa ya wenyeji ni yale madogo: Ndundu, Utete, Mohoro, Mloka, Ngarambe, Behobeho.

Na mambo madogo ndiyo yaliyo karibu kupotea. Baada ya mafuriko ya mwaka wa 1968 serikali ilianza Operesheni Rufiji, ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu. Mtu aliyekuwa na miaka kumi wakati ule, akalala katika dungu la wazazi wake juu ya maji, sasa ni mzee. Sasa mto umefungwa juu, na bwawa kwa kawaida huzuia sehemu ya tope na kuyapangia maji wakati wake. Mafuriko makubwa ya mwaka wa 2024 yalionyesha kwamba mto haujafugwa kabisa. Lakini mlao ulikuwa kilimo cha mto uliojaa na kupungua kwa desturi yake, na desturi hiyo ikibadilika, neno litabaki bila kitu chake. Na neno lisilo na kitu halikai kinywani zaidi ya vizazi viwili.

Kwa hiyo kazi ya kukusanya msamiati wa kilimo, wa mikoko na wa mto katika Kirufiji, Kindengereko na Kimatumbi, na katika Kiswahili cha delta, si kazi ya kungoja. Faida yake haitakuwa ya kamusi tu. Mgeni anayefika Behobeho akiambiwa tu kwamba hapa alizikwa mwindaji, ataondoka akiamini kwamba aliona nchi iliyokuwa tupu. Akiambiwa kwamba palikuwa kijiji, ambapo katika mwaka wa 1879 mgeni mgonjwa alifika akafa katikati ya watu, atakuwa ameelezwa habari zake kwa ukweli. Wale mawakala wa Muza walijifunza lugha kwa ajili ya pembe. Mgeni wa leo hahitaji pembe. Lakini asipojifunza angalau maneno machache ya mwenyeji, mlao, dungu, boriti, hataweza kujua ni shamba la nani analolitazama akaliita pori.